Pesa Zilizokuja kwa Jina la Syombua

Kwenye mazishi ya Syombua, mwezi uliopita, mama mmoja aliyekuwa akizunguka na birika la chai aliniuliza mimi ni wa upande gani. Ni swali la kawaida kwetu. Mtu akifa, waliobaki hujipanga: watoto, wakwe, watu wa kanisa, wanachama wa kikundi, na kila mmoja anajua atasimama wapi wakati wa kupigwa picha. Mimi sikujua. Sikuwa wa ukoo wake wala wa kanisa lake, na nilikuwa nimetoka Makueni alfajiri hiyo kuja Kwa Vonza, ambako watu walionifahamu walikuwa wachache. "Mimi ni rafiki yake," nikamjibu. Akanitazama vizuri, maana marehemu alikuwa amepita miaka sabini na mimi hata arobaini sijafika. "Rafiki wa wapi?" "Wa simu," nikasema. Alicheka akidhani namtania, akanijazia kikombe, akaenda zake. Mtu mmoja tu pale angeweza kunieleza. Huyo ni Kalunde, mwenyekiti wa zamani wa kikundi chao cha akina mama, aliyekuwa ameketi mbele na fimbo yake magotini. Baadaye nilipokwenda kumpa pole alinivuta mkono nikainama. "Ile mambo ya pampu," akaninong'oneza, "siku hizi unaweza kusimulia. Mwenyewe ameshapumzika. Simulia vijana wajue."

Najua mtu wa umri wangu akianza kusimulia ujana wake, watu humwambia angoje kidogo. Lakini mwaka ule wa pampu umekwisha kabisa. Chumba nilichoishi kimebomolewa, na pale pamejengwa duka la vipuri vya magari. Hata kazi tuliyokuwa tukiifanya siku hizi ina sheria na watu wa kuihubiri, ilhali sisi tuliifanya juu ya mlango uliolazwa kwenye makreti ya soda.

Chumba chenyewe kilikuwa Makindu, nyuma ya hoteli ya Bi Zuhura. Hoteli ni jina la heshima. Palikuwa na meza chache, jiko la kuni nyuma, na karai la mafuta ambalo sikumbuki kuliona limepoa. Bi Zuhura alikuwa mzaliwa wa Mombasa aliyeletwa bara na ndoa, akabaki hata baada ya mumewe kufariki, na Kiswahili chake kilitufanya sisi Wakamba tuongee polepole mbele yake tusije tukachekwa. Dirisha langu lilitazama ua wa jikoni. Nilikuwa nikiamshwa na harufu ya iliki ya mahamri kabla sijaamshwa na malori, na malori ya barabara ya Mombasa yalipopita, maji kwenye glasi yangu yalitetemeka. Kila asubuhi Kioko alikuja na tarakilishi yake mgongoni. Tulisoma naye chuo kimoja, mimi ualimu, yeye umeme, tukatoka tukakuta kazi hakuna. Bi Zuhura alitupa sharti moja tu: mlango ubaki wazi. "Msichana na mvulana, chumba kimoja," alisema. "Mimi nawaamini. Lakini wateja wangu wana midomo." Kwa hiyo mlango ulibaki wazi mwaka mzima, na kila tulilolisema yeye alilisikia, nasi tukasikia kila lililosemwa hotelini: bei ya ndengu, lori lililopinduka kule Kiboko, mke wa dereva fulani aliyehamia kwa mamake na kitanda.

Kazi yetu ilikuwa kuuza na kununua sarafu za mtandaoni, mtu kwa mtu. Kioko alikuwa ameijua kupitia rafiki zake, akanifundisha. Tulinunua zile zinazofuata bei ya dola, tukaziuza kwa faida ndogo kwa watu waliozihitaji: kijana anayelipwa na kampuni ya nje, mfanyabiashara anayeagiza simu kutoka ng'ambo, mwanafunzi. Soko lenyewe lilikuwa kwenye tovuti. Mteja akifungua oda, tovuti inazishika sarafu zako kama mtu wa kati. Yeye anaona jina lako na namba yako, anakutumia shilingi kwa simu, nawe ukishazipata unabonyeza kuachilia. Ukibonyeza, basi. Hakuna benki utakayoilalamikia, hakuna mlango utakaogonga. Ndiyo maana wezi waliipenda kazi hiyo kuliko sisi wenyewe.

Siku zangu za kwanza Kioko alikuwa akinisimamia kama mama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Nakumbuka ujumbe ulioingia kwenye simu yangu ukiwa na kila kitu: kiasi, jina, saa, hata yale maneno ya kiofisi. Kidole changu kilikuwa tayari hewani. "Ngoja. Umeangalia salio?" akaniuliza. Nikamwambia, ujumbe si ndio huu hapa? "Ujumbe ni maneno tu," akasema. "Hata mimi naweza kukuandikia. Fungua salio." Nikafungua. Salio lilikuwa lile lile la asubuhi. Mtu fulani mahali fulani alikuwa ameketi akiandika ule ujumbe kwa mkono wake, herufi kwa herufi. Niliingiwa na baridi, kisha na hasira, kisha Kioko akanicheka mpaka Bi Zuhura akaja kuuliza kuna nini. Nikajifunza kutosoma picha za risiti. Nikajifunza kumkataa anayesema tutoke kwenye tovuti tuelewane pembeni. Jambo lililonishinda kujifunza ni kutowasikitikia. Kuna mwanamume aliyeniandikia mkewe yuko chumba cha kujifungua, niachilie tu, pesa ziko njiani. Sikuachilia, na hakutuma kitu. Hadi leo, nikimkumbuka, sijui kama kulikuwa na mke.

Na kulikuwa na kanuni moja ambayo Kioko hakuilegeza hata siku moja: jina la aliyetuma pesa lazima liwe jina la aliyefungua oda. Niliona ni ukaidi tu. Pesa zimeingia, zimekaa, salio limepanda. Jina linakuhusu nini? Akanieleza mara moja, akila, kwa sababu Kioko mambo yake yote mazito aliyasema akiwa na chakula mdomoni. "Jina likiwa lingine, maana yake kuna mtu wa tatu. Na huyo mtu wa tatu hajui kama wewe upo."

Syombua aliingia maishani mwangu wakati wa chakula cha mchana. Nakumbuka kwa sababu Bi Zuhura alikuwa amepika maharagwe ya nazi, jambo alilolifanya nazi zikiletwa na ndugu zake, na sahani zetu zilikuwa juu ya ule mlango wetu, karibu na simu. Mteja aliyejiita Erick alikuwa amefungua oda, kubwa kuliko tulizozizoea. Pesa zikaingia. Nikaangalia salio: limepanda. Nikaangalia jina: Agnes Syombua. Nikamsukumia Kioko simu. Akamwandikia Erick kumuuliza, na jibu likaja haraka sana. Ni simu ya mum. Yangu imefika mwisho wa kutuma leo. Achilia bro. Kisha: Mbona mnachelewa? Kisha: Mnataka kuniibia? Nitawaripoti.

"Tunazirudisha," Kioko akasema. "Zinarudi kwa namba zilikotoka, oda inakataliwa, tunamaliza kula."

"Wacha nimpigie huyo mama kwanza."

"Ya nini?"

Nilitaka tu kuisikia sauti yake. Nikapiga, ikaita kidogo, ikashikwa.

"Mwaitu, shikamoo," nikamwamkia, mwaitu kwetu ni mama. "Naitwa Mutheu. Nimepata pesa kutoka kwa simu yako na—"

"Mutheu!" akasema, kana kwamba alikuwa ananingojea. "Bwana asifiwe! Erick aliniambia wewe ndiye mhasibu. Nikaona jina, nikasema, huyu ni mtu wetu. Sasa pampu inafika lini? Dereva anajua Kwa Vonza?"

Kabla sijapata neno nikamsikia akigeuka na kuwaambia watu waliokuwa karibu naye kwamba mhasibu amepiga, pesa zimefika. Na wale wanawake wakapiga vigelegele. Nilivisikia mpaka Makindu, kwenye kile chumba changu, na maharagwe yakipoa mbele yangu. Kioko aliviona usoni mwangu, akaacha kutafuna.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, najua, maneno yakigongana: kwamba mimi si mhasibu wa mtu, kwamba sijui pampu yoyote, kwamba huyo Erick alichukua jina langu kwenye soko la sarafu akampa yeye alipie, ili Erick apewe sarafu na sisi wawili tubaki tukitafutana. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti iliyokuwa imepoa kabisa, "Erick alisema mtu atanipigia aniambie hivyo." Akakata. Nilipopiga tena hakushika.

Hapo ndipo tulipogombana. Kioko alisema turudishe pesa saa hiyo hiyo na tumeshatenda haki, hata wachungaji hawatendi zaidi ya hapo. Nikamwambia tukizirudisha, kabla ya jioni Erick atakuwa amempa namba nyingine, naye atazituma tena, kwa sababu anayemwamini ni yeye, si sisi. "Hizo pesa ziko salama zikiwa kwetu tu," nikasema, na hata mimi niliposikia maneno yangu nikaona yalivyo mabaya. Ndivyo mwizi angesema.

"Na jina lako ndilo liko kwa simu yake," Kioko akasema. "Si la Erick. Huyo mama akienda polisi leo, ni wewe wanatafuta. Halafu unataka kwenda huko mwenyewe?"

"Nikikaa na pesa zake hapa, ndiyo nitakuwa mwizi kweli."

Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi. Sijui tangu lini. Hakutoa hekima yoyote. Aliuliza tu Kwa Vonza ni mbali kiasi gani, na alipoambiwa akasema basi tutahitaji chakula cha njiani. "Na mrudi nyote wawili," akaongeza akigeuka, "nisije nikatafutwa mimi na serikali." Nikamwandikia Syombua ujumbe: kesho nakuja kwako na pesa zako, uwe na mtu yeyote unayemwamini. Jibu lilikuja jioni, neno moja. Njoo.

Tulipitia Kibwezi tukapanda kuelekea Mutomo hadi Kitui, kisha Kwa Vonza, nchi kavu pande zote na mito ya mchanga mtupu chini ya madaraja. Watu huniuliza kama niliogopa. Niliogopa, lakini ninachokikumbuka zaidi ni jinsi Kioko alivyokuwa akichungulia simu kila palipokuwa na mtandao, maana Erick alikuwa ameshalalamika kwenye tovuti kwamba amelipa na tumemnyima mali, na sarafu zetu zilikuwa zimefungiwa hadi kesi iamuliwe. Hizo ndizo zilikuwa mtaji wetu karibu wote. Hakuninung'unikia njia nzima. Alimenya machungwa, akanipa nusu.

Nyumba ya Syombua ilikuwa mwendo mfupi kutoka sokoni. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wameziegesha pikipiki zao kuziba lango, na tulipoingia waliturudishia lango nyuma yetu bila salamu. Ndani, jikoni, palikuwa na wanawake wawili. Kalunde alikuwa amesimama, mkubwa, leso imefungwa kiunoni kama mtu aliyejiandaa kupigana. Syombua alikuwa ameketi, mwembamba, miwani yenye kioo kimoja kilichopasuka, na simu mbili mapajani. Kwenye kona kulikuwa na mitungi ya maji ya manjano iliyopangwa hadi dirishani. Sitaisahau hiyo mitungi. Mingi ilikuwa mitupu.

"Ongeeni," Kalunde akasema.

"Hawajala," Syombua akasema.

"Wale nini? Hawa ni wezi!"

"Wezi pia hushikwa na njaa. Wametoka Makindu." Akainuka akatupakulia muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, na ndengu, moto, sahani zimejaa, akaweka mbele yetu bila kututazama. Nimekula vyakula vingi tangu hapo na kwenye nyumba nzuri zaidi. Sijawahi kula chakula kigumu kukimeza kama kile, na kilikuwa kitamu.

Tulikuwa bado tunakula simu yake moja ilipolia. Aliitazama, akasema, "Ni yeye," na Kalunde akabonyeza sauti ya juu. Wale wanaodhani tapeli huongea kama tapeli wangepaswa kuisikia ile sauti. Ilikuwa ya upole, ya kijana aliyelelewa vizuri.

"Mum, Bwana asifiwe sana."

"Asifiwe milele."

"Umeamkaje? Na ule mguu? Mum, pampu nimeshaipakia kwa lori. Imebaki tu pesa kidogo ya usafiri, dereva aondoke. Lakini tuombe kwanza."

Akaomba. Aliombea akina mama wa Kwa Vonza, akaombea kisima chao, akaombea mguu wa Syombua kwa kuutaja ni upi. Syombua alifumba macho kwa mazoea, Kalunde naye akafumba, na nilipomtazama Kioko nikamwona ameinamisha kichwa, kijiko kikiwa hewani. Kijana aliomba vizuri. Nikaelewa kwa nini Syombua hakuniamini mimi, msichana wa kwenye simu mwenye maneno yanayogongana. Huyu kijana alikuwa amemuuliza habari za mguu.

Aliposema amina nikasogea, nikamnong'oneza Syombua sikioni: muulize mhasibu yuko wapi.

Aliisogelea simu. "Erick," akasema, "yule msichana wa hesabu, Mutheu. Yuko?"

"Yuko, Mum. Ameketi hapa kando yangu. Anakusalimia sana."

Syombua alinitazama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama tangu niingie. Akachukua ile simu yake ya pili, akavua miwani, akaileta karibu na uso, akapiga ile namba aliyoitumia pesa, tarakimu moja moja. Simu yangu ikalia mezani, kando ya sahani. Hakukata. Aliiacha ilie, na mimi sikuigusa, na huo wimbo wangu wa kijinga niliokuwa nimeuweka ukajaa jikoni kote.

"Mum?" sauti ikasema. "Hiyo ni nini?"

"Ni Mutheu," Syombua akasema. "Yuko kwangu. Anakula."

Kisha akamuuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli: "Mwanangu, ukiniombea, ulikuwa unaomba nini?"

Simu ikakatwa.

Kalunde aliketi chini, sakafuni pale pale, akashika kichwa. "Wametumaliza. Tutawaambia nini watu?" Syombua akamjibu hawajatumaliza, pesa ziko kwa huyu mtoto, na wote wakanigeukia. Nikazirudisha hapo hapo, kwa namba ile ile zilikotoka. Simu yake ikalia ujumbe na Kalunde akainuka kwa furaha, lakini nikamwambia Syombua asisome ujumbe, afungue salio. Akafungua. Akasoma kwa sauti, akafunga, akafungua tena. Akaenda kwenye beseni kuosha sahani zetu, na ni huko, akitupa mgongo, ndiko alikolia. Yeye ndiye alikuwa mweka hazina. Yeye ndiye aliyewaambia wenzake waachane na maduka ya Kitui, kwenye simu ni nafuu. Miaka yote ya kubeba mitungi, na kikundi kizima kiliweka imani kwake kwa sababu alikuwa amesoma. Kalunde alimwendea akasimama naye. "Waliokuwa hapa jana wakipiga vigelegele nitawaambia lori limeharibika," akasema. "Mengine, hakuna atakayejua." Na Kalunde, kwa kadiri ninavyojua, alinyamaza hadi siku ile ya mazishi.

Tuliporudi Makindu tulirudi mikono mitupu. Kesi ya tovuti ilichukua wiki nyingi. Kioko aliwatumia mazungumzo yote, jina lisilolingana, uthibitisho kwamba pesa zimerudi. Wakauliza maswali, wakanyamaza, wakauliza tena yale yale. Bila sarafu hatukuwa na cha kuuza. Siku nyingine Bi Zuhura alituwekea sahani bila kutuita, kana kwamba amesahau zimebaki, na siku nyingine tulitembea hadi hekalu la Masingasinga, tukavua viatu, tukafunika vichwa, tukaketi sakafuni pamoja na madereva na wasafiri tukapewa chapati na dengu kama kila mtu anayeingia pale. Siku moja tukiwa tumeketi hivyo, nikamuuliza Kioko kama anajuta. "Hapana," akasema. "Tungefanya hivyo hivyo." Akararua chapati. "Lakini nina haki ya kukasirika, Mutheu. Usininyime hiyo." Sikumnyima. Nadhani urafiki wetu, ambao bado upo, ulishonwa kwenye sentensi hiyo. Mwishowe tovuti ilituamulia haki, sarafu zikafunguliwa, na akaunti ya Erick ikafungwa. Kwa jina hilo, angalau.

Syombua, kwa upande wake, alianza kunipigia kila Jumapili akitoka kanisani. Mwanzoni ilikuwa kunisalimia. Kisha ikawa kunisomea ujumbe alioupata wiki hiyo. "Mutheu, kuna mtu anasema nimeshinda gari." "Mutheu, huyu anasema ni mtoto wa dada yangu, simu imeanguka majini." Baadaye akaanza kuwapa wenzake namba yangu, hata nikawa napigiwa na akina mama ambao sijawahi kuwaona, wakinong'ona nyuma ya nyumba zao, nisikilize kama ni kweli au ni uongo. Kikundi kilipokwenda kununua pampu, kwenye duka halisi mjini Kitui, Syombua alinilazimisha niende naye, lakini huko sikuhitajika. Alimwambia mwenye duka aifungue, aiunganishe na sola, ailaze kwenye pipa la maji. Mwenye duka akacheka, akasema, mama, hii ni mpya. "Najua," akasema Syombua. "Niache niione ikifanya kazi." Alisimama juani mpaka maji yakatoka, akayashika kwa mkono, ndipo akafungua mkoba.

Mwisho wa mwaka ule kila kitu kilikwenda haraka. Kioko alipata kazi ya umeme upande wa Malili. Mimi nikaitwa kufundisha. Tukauza vilivyokuwa vya kuuza, tukamrudishia Bi Zuhura mlango wake, naye akatufungia mahamri kwa gazeti kama watu wanaokwenda safari ya bahari. Kabla ya kuanza kazi nilikwenda Kwa Vonza nikakaa siku kadhaa. Mvua ilikuwa imenyesha. Alasiri moja tulikuwa tumeketi barazani, mimi na Syombua, tukichambua ndengu kwenye ungo, tukitoa vijiwe, na akaniambia kuna mtu alikuwa amempigia juzi. Kijana. Alikuwa anauza mizinga ya nyuki.

"Ukafanyaje?" nikauliza.

"Nilimwacha aongee. Akamaliza. Nikamuuliza kama amekula."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alitoa kijiwe, akakitazama, akakitupa uani.

"Akasema, 'Bado, Mum.' Hivyo tu. Halafu akakata."

"Ilikuwa ile sauti?"

"Sijui. Kwa simu nyinyi vijana mnafanana." Akachota ndengu zingine kwa viganja viwili akazimimina kwenye ungo. "Ilikuwa karibu saa kumi, Mutheu. Saa kumi, na bado hajala."